Mfereji Niliouchimba kwa Wivu

Hakuna jambo la kunishangaza mimi, mwanangu. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa kuwa nimeona. Gari moshi lilipoingia Morogoro mara ya kwanza, watu wazima na ndevu zao walikimbilia kwenye mihogo, mimi nilibaki nimesimama, mkono kiunoni, nikauliza tu, "Linabeba magunia mangapi?" Nimeona nzige wakila mpaka makuti ya paa. Nimemwona Mdachi akipanda mlima wetu na miwani ya kuonea mbali, akateleza, akashuka kwa makalio mpaka kijitoni. Nyumba yangu ina bati, na bati lile hakunipa baba wala mjomba. Herufi nimejifunza ukubwani, kwa karani mmoja niliyekuwa nikimlipa vibaba vya mchele, ndiyo maana mwandiko wangu unapinda kama njia ya kwenda Matombo. Lakini karani yule mpaka leo amepanga chumba, na mwenye nyumba ni mimi.

Basi mtu wa namna hiyo akikwambia kwamba liko jambo moja lililompiga hata akakaa chini, kaa na wewe usikilize.

Nakumbuka asubuhi yangu ya kwanza kwenye mlango wa mto Ruvu, pale unapoingia baharini. Nilikuwa kijana, ndevu za kuhesabika. Reli ilikuwa bado. Wadachi walikuwa wameshika pwani na sisi huku bara tulikuwa tunawasikia zaidi kuliko kuwaona. Nilikuwa nimeteremka kutoka milima yetu, upande wa juu ya Mkuyuni, nimebeba tumbaku kichwani ili nibadilishe kwa chumvi. Nikaamka, nikaenda mtoni kunawa uso. Jani la mgomba likapita mbele yangu juu ya maji. Likapita kuelekea bara. Mto ulikuwa unapanda.

Fikiri mwenyewe. Mimi nimezaliwa kule juu ambako mto huohuo ni kijito cha kuruka kwa hatua moja. Kwetu maji yana adabu, yanashuka. Sasa hapa nayaona yanarudi kwetu, mapana kama kiwanja, yana povu, yanakokota majani na vijiti. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, sikunawa.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. "Mluguru! Usikimbie. Mto umesahau kitu kwenu mlimani, unakifuata. Ukikipata utarudi."

Huyo ndiye Shomari. Kijana wa rika langu, mrefu, mwenye sauti ya kuimbisha wapiga makasia, mkulima wa mpunga palepale kwenye mlango wa mto. Kabila langu alilijulia kwenye tumbaku yangu; nilipomwuliza lake, tukaona sisi ni watani, kwa sababu watu wa mlimani na watu wa kule mtoni wanataniana tangu mababu. Utani unaujua, mwanangu, ingawa siku hizi nawaona vijana wanaununia. Mtani atakutukana mbele ya watu nawe utacheka. Atakamata kuku wako bila kuuliza. Ukifiwa, atavaa kanzu ya marehemu na kukohoa kama alivyokuwa akikohoa, na wafiwa watacheka machozi yakiwa hayajakauka. Na mkeo, mtani atamwita "mke wetu". Hiyo ni haki yake. Mimi niliyajua hayo kabla sijajua kufunga msuli. Kumbe kuyajua ni jambo moja, na kuyabeba ukiwa na kaa la moto kifuani ni jambo lingine.

Sikwenda kule kutafuta mke, nilikwenda kutafuta chumvi. Lakini siku ile ile nikamwona Mwanaidi amesimama ndani ya maji na wenzake, wanatanda uduvi kwa shuka, wanapokezana wimbo, na chumvi nikaisahau. Mama yake aliitwa Bi Chausiku. Mashamba ya mpunga ya upande ule yalikuwa ya ukoo wake, kwa sababu kule kama kwetu, ardhi hufuata upande wa mama. Hata Shomari alilima kwenye ardhi ya Bi Chausiku kwa ruhusa yake.

Ndoa ikafungwa kwa mahari kidogo niliyokuwa nayo, lakini mke sikukabidhiwa nimpandishe mlimani. Kwanza nimlimie mkwe msimu mmoja. Ghala likijaa, nimchukue Mwanaidi niende naye kwetu. Lisipojaa, nisahau habari ya kwenda naye. Masharti hayo aliniletea mjumbe, si Bi Chausiku mwenyewe, kwa sababu mkwe wa kike na mwanamume aliyemwoa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Kwetu mlimani ni hivyohivyo. Nikimwona anakuja kwenye njia, naingia majanini. Yeye akiniona, anavuta upande wa khanga, anapita mbali. Akiwa na neno kwangu, humpa mtu wa tatu alifikishe. Si chuki hiyo. Ndiyo heshima yenyewe, na ndoa yote imetundikwa hapo.

Nikapewa kipande cha shamba, na jirani yangu, tuta kwa tuta, akawa Shomari.

Sasa nikueleze maji ya kule, maana bila kuyajua hayo hutaelewa ujinga wangu. Mpunga wa mlango wa mto haungojei mvua ya pale. Unangojea mvua ya kwetu. Mvua ikinyesha Uluguru, mto unajaa, unateremka na maji matamu mpaka unaisukuma bahari nje. Hapo utaona kambale wakicheza mpaka karibu na mikoko, na viboko wanateremka kuja kuwasumbua wenye mitumbwi. Kisha bahari nayo inajaa, kila siku kwa zamu yake, inauinua mto juu, na yale maji matamu yanapanda yanamwagika mashambani. Mkulima anafungua mlango wa mfereji wake, anakunywa, anafunga. Bahari inaunywesha mpunga maji ambayo si yake. Nani angeamini?

Lakini mvua ya mlimani ikipungua, mto unakonda, na bahari inapanda ndani. Na haiji juu juu, mwanangu. Maji ya chumvi ni mazito, yanatambaa chini, kwenye tope, kama mwizi. Maji matamu yanaelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukitazama kwa macho, maji ni mamoja. Samaki ndio wanaojua. Kambale wanahama kwenda bara, na hongwe wa baharini wanaingia mahali pao. Kaa wanapanda. Ndiyo sababu wenyeji wa kule midomo ya mifereji yao huwa mifupi, wanaengua maji ya juu tu. Na ndiyo sababu Bi Chausiku kila maji yalipojaa nilikuwa nikimwona kwa mbali, ameinama na kata mkononi, anaonja mto kama mpishi anavyoonja mchuzi.

Mwaka ule nililima kama punda. Ushuhuda uko mpaka leo, ulizia huko, kwamba hakuna aliyeinua tuta refu kama langu. Masika yakawa mazuri, mpunga ukasimama, uduvi na kamba wadogo wakajaa kwenye vijito mpaka Mwanaidi akawa anarudi na kikapu kinachovuja. Usiku nililala naona ghala limejaa na mke wangu ananifuata nyuma kwenye njia ya kupanda Uluguru.

Halafu mvua ya mlimani ikakatika mapema. Mpunga wangu ukaanza kugeuka rangi, njano kidogo kwenye ncha, kama mtoto mwenye homa ambayo bado haijasema. Nikatazama ng'ambo ya tuta. Wa Shomari ulikuwa kijani.

Wivu hauanzi na mke, mwanangu. Unaanza na kitu kidogo kama rangi ya jani, kisha unatembea wenyewe. Nilianza kutazama shamba lake kuliko langu. Nikaanza kutazama ni saa ngapi Mwanaidi anapita upande ule. Akileta uji, Shomari hupaza sauti, "Mke wetu, na mimi mdogo wake huyo Mluguru nina njaa!" Mwanaidi anacheka. Nami nasikiliza kile kicheko, nakilinganisha na kile anachonichekea mimi, naona chake kimezidi. Mwenye wivu ana masikio ya kupimia kicheko kwa kibaba.

Siku moja Mwanaidi akinimiminia uji akasema, "Mpunga wa Shomari umeanza kubeba."

"Nenda ukaule."

"Bado haujaiva," akanijibu, akidhani natania.

Sikutania. Usiku ule sikula alichopika, na sikumwambia kwa nini. Akauliza mara moja, akaacha. Akalala ameupa mgongo ukuta, ananitazama. Tangu hapo kila aliponiletea chakula nikamtajia Shomari.

Baada ya hapo Shomari akaja kwenye shamba langu, akakaa juu ya tuta, akang'oa unyasi akaanza kuutafuna.

"Mtani, mke wetu hajambo?"

"Mke wangu hajambo."

"Haya, mume mwenzangu, nisikilize. Mto wenu umekonda. Sijui mmeunyima chakula huko mlimani. Ziba mlango wa mfereji wako, uache kidomo cha juu tu, kama unavyoengua mafuta. Usichimbe chini hata kama mpunga unalia kiu. Ukichimba chini utamkuta bibi yangu mwenye chumvi amelala, na huyo hapendi Waluguru, anasema wananuka moshi."

Akacheka, akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika jembe, na kichwani mwangu maneno yale yakageuka yote. Nikasema, huyu anataka mpunga wangu ufe kwa kiu. Ghala lisijae, mimi nipande mlima peke yangu, yeye abaki na "mke wetu" wake. Mtu gani anakushauri unywe kidogo wakati una kiu? Na nani atamfundisha Mluguru mfereji? Sisi kwetu tunashusha maji kwenye kingo za milima kwa mianzi na mitaro, tunayapindisha tunakotaka. Ukitaka maji zaidi, chimba zaidi. Mtoto wa kwetu anayejua kushika jembe anajua hivyo. Tena maji yenyewe ni yetu, nikajiambia, yanatoka kwenye mawe ya babu zangu. Leo Shomari anipimie?

Nikachimba. Nikachimba mdomo wa mfereji ule mpaka ukanifika kifuani, nikaufikisha kwenye tope la chini kabisa la mto. Watu walipita wakatazama. Bi Chausiku nilimwona kwa mbali, amesimama na kata yake, amesimama muda mrefu. Nikafikiri, mkwe anaiona kazi ya mwanamume.

Kabla sijaufungua, Shomari akaja mbio. Safari hii hakukaa juu ya tuta.

"Mtani, tuache utani sasa. Ziba hapo. Nakuomba."

"Kumbe unajua kuacha utani?" nikamwambia. "Basi anza kuuacha kwa mke wangu."

Akanitazama. Niliona uso wake unabadilika, kama mtu aliyeingia nyumba anayoifahamu akakuta wakazi wengine. Akaenda zake.

Lilipofika bamvu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, nikatoa magogo niliyozibia mlango wa mfereji. Oo, mwanangu! Maji yaliingia yananguruma. Shamba langu likajaa kabla la Shomari halijalowa. Nikasimama katikati, nikapiga ukelele kama niliyeua chui. Nilikunywa furaha ile peke yangu, na sikuwa na habari kwamba kulikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya siku ile nami sikukifanya.

Mpunga ulianza kuungua kwenye ncha, ukashuka chini, ukawa rangi ya kutu. Maji yalipokauka, tope likafanya weupe juu kama limepakwa unga. Kwenye mfereji wakaelea kambale waliokuwa wamebaki, matumbo juu. Kaa wakatembea kati ya mashina ya mpunga wangu kama wenye shamba. Na siku moja nikakuta mbegu ya mkoko, ile ndefu kama kidole, imeletwa na maji, imejichomeka wima kwenye tope katikati ya shamba, tayari imeshika mizizi. Nikaing'oa. Kesho yake nikakuta nyingine mbili.

Tena chumvi haikukaa kwangu tu. Chumvi haina habari na tuta. Ilipita chini kwa chini, ikamwingilia Shomari, ikafika mpaka kwenye kipande cha Bi Chausiku alichokuwa akitunzia mbegu.

Mchana mmoja watu wakakusanyika kwenye mashamba. Wengine wakasema nipelekwe kwa akida nikapigwe viboko hamsa ishirini kisha nifungwe. Shomari alikuwa amechutama kwenye shamba lake, ameshika shuke tupu. Akainuka, na Mungu ni shahidi, alijaribu kutabasamu.

"Mtani hapelekwi bomani," akawaambia. "Huyu ni wangu. Atanipa kuku nitamla mbele yake, amalize. Na wewe mume mwenzangu, usihuzunike, mwaka huu mke wetu atapika ubwabwa uliokwisha tiwa chumvi."

Watu wakacheka, wale waliokuwa na nguvu ya kucheka. Alikuwa ananiokoa, mwanangu. Kwa maneno yale alikuwa amenitoa kwenye mikono ya askari. Leo naliona hilo wazi kama naona mkono wangu. Siku ile nilisikia maneno mawili tu: mke wetu. Nikainua jembe.

Hapo Bi Chausiku akaja. Hakupita mbali. Alikuja moja kwa moja katikati ya mpunga uliokufa, akateremsha khanga kutoka usoni, akanitazama machoni, akasema:

"Mkude."

Jina langu halikuwa limepita katika kinywa kile hata siku moja. Jembe likashuka lenyewe. Watu wakarudi nyuma hatua, maana wote walielewa.

"Mkude, maneno ya kuziba mlango wa chini yalikuwa yangu. Mara ya kwanza yalikuwa yangu, na mara ya pili yalikuwa yangu. Mimi kwako nilikuwa sina kinywa. Na binti yangu sikutaka aonekane anamfundisha mumewe kushika jembe. Nikasema, nimtume mtani, atamwambia kwa kicheko, hatamwaibisha. Nilikuwa nakutunzia heshima yako."

Nikatazama chini. "Mama, sikujua."

"Hukujua kuwa ni maji ya chumvi? Hakuna anayekulaumu kwa hilo, umezaliwa mlimani. Lakini ulimi ulikuwa nao. Kwa nini hukuyaonja?"

Swali hilo, mwanangu, najiuliza mpaka leo ninapokuandikia. Nilikuwa nimesimama mpaka kiunoni ndani ya maji yale, nikipiga ukelele, na haikunijia kuchota hata kiganja kimoja nitie mdomoni. Nilikuwa nimeshughulika kutazama uso wa aliyeniletea neno, neno lenyewe sikulionja.

"Sasa nimekusemesha uso kwa uso," Bi Chausiku akasema, na sauti yake haikupanda. "Kwenu unajua maana yake, na kwetu ndiyo hiyohiyo. Mkwe wangu ningempitia mbali."

Akajifunika, akaondoka.

Nilimkuta Mwanaidi nyumbani, anakunja shuka ya kutandia uduvi. Nilikuwa na maneno mengi njiani, nilipofika yakabaki machache. Nikamwambia twende zetu mlimani hivihivi, bila ghala. Nikamwambia nimekosa. Kisha, kwa kuwa maradhi yale hayaponi kwa mara moja, nikamwuliza kama anamtaka Shomari.

Akaacha kukunja. "Ningemtaka Shomari, ningekuwa kwake kabla hujateremka na tumbaku yako. Wewe ndiye uliyekuwa unanipeleka kwake kila siku, kwa mdomo. Nimechoka njia, Mkude."

Akaniomba talaka, nikampa moja, mbele ya mashahidi, na Shomari alikuwa mmoja wao kwa sababu hakupatikana mwingine jirani.

Kuku wa Shomari nilimlipa. Alimla mbele yangu kama alivyosema, lakini alikula kimya, na paja moja akanisogezea. Deni la Bi Chausiku halikuwa la kuku. Mtani husamehe, mkwe, akiisha kuwa si mkwe, anataka haki yake. Alitaka ardhi yake irudi kama ilivyokuwa. Watu wa kujaza ule mfereji kwa udongo wa mfinyanzi walipwe, mbegu za mashamba yote yaliyoguswa zinunuliwe, na chakula cha miezi ile ya njaa kipatikane. Nikashika kazi ya upagazi, nikabeba mizigo ya watu kutoka pwani kwenda bara, bega likachubuka, likapona, likachubuka tena. Hapo ndipo nilipojifunza biashara, na hapo ndipo lilipotoka lile bati nililokutajia. Siku nilipopeleka fedha za mwisho, Bi Chausiku alizipokea mkononi mwangu mwenyewe, tukiwa tumetazamana. Ningelipa maradufu anipitie mbali.

Shamba lilichukua masika mawili kuoshwa na mvua za kwetu.

Miaka ikapita. Nikiwa nauza na kununua soko la Mkuyuni, wakaja wachukuzi wa chumvi kutoka mlango wa mto, nikawauliza habari za kule kama mtu asiye na neno. Mmoja akasema, "Shomari amejaliwa mtoto wa pili. Mkewe ni yule Mwanaidi wa Bi Chausiku."

Ndiyo siku niliyokaa chini. Nilikaa juu ya mzigo wa chumvi wa mtu, mwenyewe akanishangaa.

Najua unachotaka kusema. Kila kijana ninayemhadithia hurukia hapohapo: "Si unaona, Mzee, alikuwa anamtaka tangu zamani!" Na mimi nilisema hivyo, kwa muda mrefu, nikipanda na kushuka njia ile na mzigo kichwani. Nikataka iwe kweli. Ingekuwa kweli ningepumzika. Lakini nikikumbuka uso wa Shomari siku ile nilipomwambia aache utani kwa mke wangu, naona haukuwa uso wa aliyeshikwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeonyeshwa kitu ambacho hakuwa amekitazama. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Mimi ndiye niliyelisema neno hilo, nikalirudia, mpaka wale wawili wakaanza kulisikia. Mwenye wivu huwa mshenga wa adui yake, tena bila ujira.

Na nisikudanganye kwamba nimepona. Mama wa nyumba yangu ni mwanamke mwema, ana akili ya duka kunishinda. Lakini mchele wa mlango wa mto unapofika Morogoro, magunia nayafungua mwenyewe, natafuna punje kwanza kabla ya mtu yeyote, nipate kusema kwamba si mzuri. Ni mzuri. Naununua wote.

Basi shika haya. Neno la kukuokoa mara nyingi huja na mtu usiyempenda, amelivisha kicheko, amelipaka na pilipili ya utani juu. Usimtazame mjumbe meno. Chota, tia mdomoni, onja. Likiwa tamu, mwagilia shamba lako hata kama limeletwa na yule aliyekuzidi. Likiwa chungu, tema, na ushukuru kwamba ulionja. Wahenga walisema mkataa pema pabaya panamwita. Mimi naongeza kwamba hata pema humwita kwa sauti ya jirani, ndiyo maana hupakataa akidhani anashinda.

La pili. Mlimani si kama mtoni. Ujuzi wako wa nyumbani ni mali, ila si kila nchi inapokea fedha yako. Ukifika mahali mto unaporudi nyuma, usianze kwa kuufundisha kushuka. Uliza. Maji ya juu na maji ya chini yana rangi moja, na watu pia.

Na ukioa, mkeo akicheka, mwache acheke. Kicheko si mpunga hata kiliwe na jirani kikaisha.

Mola akuzidishie, mwanangu. Akupe shamba lenye maji matamu na ulimi mwepesi wa kuonja. Akupe watani wa kukusema mbele ya watu, na wakwe wa kukupitia mbali mpaka uzeeni. Na akuepushe na bei niliyoilipa mimi, mke nikiwa sijamtia katika hesabu wala kuku wa Shomari: rupia thelathini na saba na pesa kumi na mbili.